Mvinyo Mwekundu Anaouchagua Lucinda kwa Masikio

Ukungu bado umelala juu ya Mto Ruvuma. Upande wa Msumbiji hauonekani, unasikika tu: jogoo, mchi unaotwanga, mtu anayekohoa akielekea majini. Hapa Kilambo, chini ya kibanda cha makuti karibu na ukingo, Lucinda Bernardo amekaa mkekani, amefumba macho.

Mbele yake zimepangwa garafau, yale machupa makubwa ya lita tano yaliyovishwa plastiki, ambayo yamevuka asubuhi hii kwa mtumbwi na kulipiwa ushuru. Mumewe, Selestini Nankwanga, anamimina mvinyo kidogo kwenye bilauri na kuinua mkono. Mwanga hafifu unapita katikati ya kioo na kumwangukia kifuani, mwekundu kama maji ya maua ya choya. Ananusa, kisha anaonja.

"Uko wapi?" Lucinda anamuuliza.

Selestini anatazama mto kana kwamba jibu linakuja kwa mtumbwi.

"Niko jikoni kwa mama," anasema hatimaye. "Kuna zambarau kwenye ungo, zimeanza kulainika. Nje mvua imekatika."

"Moto unawaka?"

"Umezimika. Umebaki moshi."

"Hii tunaichukua," anasema Lucinda, na ndipo anapofumbua macho.

Lucinda ana miaka arobaini na sita. Katika mtaa wa Magomeni, Mtwara mjini, watu wengi wanamfahamu kama Mama Waini. Kwenye baraza ya nyumba yake ana meza mbili na viti visivyolingana, na jioni huuza mvinyo mwekundu kwa bilauri, shilingi mia tano. Madukani mjini, chupa moja ya mvinyo wa kutoka ng'ambo haishuki chini ya shilingi elfu saba, na mara nyingi imesimama dirishani ikipigwa na jua tangu mwaka wa juzi.

Wateja wake ni walimu, wauguzi, mafundi, wazee wa kwaya. Wengi walianza kuonja kwake. Hawaji kulewa, anasema. Wanakuja kukaa.

"Bia unakunywa kwa kiu," anaeleza. "Waini unakunywa wakati kiu imekwisha, kazi imekwisha, na bado hutaki siku iishe."

Alizaliwa Palma, kusini mwa mto, enzi za Wareno. Baba yake alikuwa mpishi wa mfanyabiashara wa pamba. Kila Jumapili baba alirudi nyumbani na masazo ya mvinyo wa mezani kwenye chupa, akayachanganya na maji, na kila mtu akapata kijiko kimoja, hata bibi. Kisha walikaa uani bila kusema neno. Lucinda anasema hakumbuki ladha yenyewe vizuri. Anakumbuka ule ukimya, na kwamba hakuna aliyegombana na mwenzake mpaka kulipokucha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimvusha mto mwaka 1986. Alipokelewa na ndugu wa ukoo hapa Kilambo, akalima mihogo yao, akaolewa na Selestini, kijana wa Mpapura aliyekuwa akipanga magunia katika ghala la korosho mjini. Wakapata watoto watatu, wa kwanza Amelia. Amani iliporudi kwao, akavuka kwenda kuhani msiba wa shangazi, na huko ndiko alikopewa bilauri ya mvinyo na mwanamke aliyekuwa akifungua duka dogo. Mwanamke huyo ni Claudia, ambaye hadi leo ndiye anayemletea mzigo.

"Alikunywa akanyamaza," anakumbuka Claudia, ambaye naye amekaa kibandani leo, miguu imejaa tope la ufukweni. "Nikamuuliza, dada, mbaya? Akasema hapana, naomba unipe ya kwenda nayo."

Hiyo ilikuwa 1994. Alianza na garafau moja, ikaisha siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Akarudi kuchukua mbili.

Kujifunza kuchagua kulimchukua miaka. Aligundua kwamba jina lililoandikwa kwenye karatasi ya chupa halimwambii mengi. Alijifunza kunusa kabla ya kuonja, kuuacha mvinyo upumue kidogo baada ya kuondoa kizibo, na kuukataa ule unaonukia siki hata kama bei yake inavutia. Ukakasi unaokausha ulimi haukumtisha, maana alijua ukikutana na nyama ya kuchoma au kisamvu cha karanga unalainika.

"Waini ya bei rahisi si mbaya," anasema. "Mbaya ni waini iliyoteswa. Iliyoachwa juani, iliyochanganywa maji na sukari. Mimi natafuta ile rahisi ambayo hakuna mtu aliyeionea."

Basi biashara ikawa pua yake. Claudia alikuwa akileta garafau za kila aina, na Lucinda alizipitia moja moja, akabakiza tano au sita. Faida haikuwa kubwa, kama shilingi elfu sitini kwa mwezi mzuri, lakini ilisomesha watoto.

Masika ya mwaka 2003 aliugua homa kali. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akarudi nyumbani mwembamba na masikio yakivuma. Siku chache baadaye alikuwa uani akipepeta mchele, jirani yake Hadija akaja mbio kumwambia maharage yanaungua. Sufuria ilikuwa nyuma yake kabisa. Moshi ulikuwa umejaa uani.

"Nilisimama juu ya ile sufuria nikavuta pumzi," anasimulia. "Hakuna kitu. Nikachukua kitunguu nikakipasua. Hakuna. Nikaingia ndani nikafungua garafau. Ilikuwa kama kunusa ukuta."

Alimweleza mumewe jioni ileile. Selestini, mtu ambaye majirani wanasema anaweza kumaliza wiki kwa maneno kumi, alimwambia, "Itarudi," akaenda kuoga. Wiki zikapita, haikurudi. Ulimi nao ulibaki na chumvi, sukari na uchungu tu.

Wakati huohuo Modesta, muuguzi ambaye alikuwa mteja wake tangu mwanzo, alikuwa akimwoza binti yake. Aliagiza garafau nane za harusi na alikwishalipa nusu. Lucinda alitaka kumrudishia pesa zake. Alikwenda hadi mlangoni kwake, akamkuta anashona vitambaa vya meza, akashindwa kusema.

"Nilirudi nikalia," anasema. "Si kwa sababu ya fedha. Niliona kama ule ua wa baba umefungwa na mimi nimebaki nje."

Siku mbili baadaye Selestini alimkuta amejilaza, uso ukutani. Akamwambia, "Mama Amelia, amka. Tunakwenda wote Kilambo."

"Kufanya nini? Wewe mtu wa uraka," alimjibu. Uraka ni pombe ya mabibo ya korosho, na Selestini hakuwa amewahi kunywa pombe nyingine maishani.

"Nina pua," alisema.

Safari hiyo ya kwanza Claudia anaisimulia akicheka chinichini. Shemeji alionja garafau ya kwanza, mkewe akamuuliza ikoje, akajibu, "Ni waini." Waini ya namna gani? "Nyekundu." Ya pili nayo ilikuwa waini nyekundu. Ya tatu vilevile. Lucinda akaanza kukusanya vitu vyake ili waondoke.

Kisha, akiwa amechoka kabisa, akamwambia, "Baba Amelia, usiniambie ikoje. Fumba macho uniambie uko wapi."

Selestini akafumba macho. Akainua tena bilauri, akanusa. Mto ulikuwa ukirudi nyuma kwa nguvu ya maji ya bahari, kama unavyofanya huku karibu na mlango wake, na viboko walikuwa wakikoroma mbali kwenye matete.

"Niko shambani kwa marehemu baba," alisema. "Kuna mtu anachoma majani ya mkorosho. Baba amekaa juu ya gunia, anamenya chungwa. Hajaniona."

Lucinda alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka kumi na sita na hakuwahi kumsikia akimtaja baba yake zaidi ya kusema kwamba amefariki.

"Niliiona waini yote," anasema. "Moshi wake, uchachu wake ule mdogo wa chungwa, udongo chini yake. Nikajua ni nzuri kuliko ambavyo ningejua kwa pua."

Garafau iliyofuata ilimpeleka Selestini kwenye duka la mafuta ya taa. Waliiacha. Nyingine ilimpeleka kanisani, siku ya maziko, maua yamesinyaa. Waliiacha pia. Kufikia jioni walikuwa wamechagua nane, na Selestini alikuwa amezungumza habari za mama yake, za mbwa aliyepotea, za msichana wa Madimba aliyetaka kumwoa kabla ya Lucinda. Ilibidi walale Kilambo kwa sababu gari lilikwishaondoka. Hawakujali.

Harusi ya binti wa Modesta ilifanyika kwenye ua uliozungushiwa makuti mapya. Lucinda alikaa nyuma, mikono mapajani, akiangalia nyuso. Bilauri zilipokwisha kugawiwa kelele zilipungua. Mzee mmoja aliweka kijiko chini, akatazama angani, akabaki hivyo.

"Sikumjua yule mzee," anasema Lucinda. "Lakini nilijua kwamba hayupo pale. Amekwenda mahali. Nikamwambia mume wangu, imefika."

Modesta mwenyewe anasema hakufahamu lolote kuhusu ugonjwa wa pua hadi harusi ilipokwisha. "Nilimwambia, safari hii umepata nzuri zaidi. Akaniangalia, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Nikadhani amezidisha bilauri."

Miaka mitatu sasa imepita. Pua ya Lucinda imerudi nusu. Tope la mto lilitangulia, kisha moshi, kisha maganda ya chungwa. Harufu ya mvinyo yenyewe bado inamjia kwa mbali, kama redio ya jirani ambaye amefunga dirisha. Daktari alimwambia huenda ikakamilika, huenda isikamilike. Haendi tena kuuliza.

Selestini ameomba zamu za usiku ghalani ili mwisho wa mwezi awe huru kuja mtoni. Bado si msemaji. Akiwa na bilauri mkononi, hata hivyo, hakuna wa kumkatiza, na Claudia amekiri kwamba siku hizi huwa anaongeza garafau moja mbovu makusudi, ili asikie itampeleka wapi.

Ukungu umeanza kupasuka. Ng'ambo sasa inaonekana, mstari wa mikoko na wanawake watatu wenye ndoo. Garafau nne zilizochaguliwa zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa ili zisipate joto njiani. Lucinda anafuta bilauri kwa upindo wa kanga na kueleza mpango wao.

Msimu wa korosho ukiwa mzuri, anasema, watafunga baraza kwa wiki nzima na kwenda Pemba, mji ulio kusini zaidi ya Palma, ambako Claudia amewaambia kuna hoteli yenye meza zinazotazama bahari. Amekwisha kununua shati la Selestini la safari hiyo. Lina mikono mirefu, na amelificha chini ya godoro.

"Nataka tukae kama wageni," anasema. "Aje mtu asiyetufahamu, atumiminie. Sitauliza bei, sitauliza ilisimama kivulini au juani. Nitakunywa polepole na mume wangu, na tukimaliza, vyombo ataosha mtu mwingine."