Kifua cha Mseti

Boke wa Itiryo alikuwa mume wa mtu. Kwa Wakurya jambo hilo halihitaji semina. Mume wake alikufa akamwachia shamba na ng'ombe, mtoto hakumwachia. Boke akawatoa ng'ombe hao akaoa msichana aitwaye Wegesa, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke wanayoiita nyumba ntobhu, ili mji usikose mrithi. Wegesa akamzaa Mseti. Mwanaume aliyesaidia kazi hiyo hatumtaji, maana hata Boke hamtaji. Mtoto ni wa Boke, shamba ni la mtoto, basi.

Hiyo "basi" ilimkaa kooni Nashoni, mdogo wa marehemu mume wa Boke. Angalau Boke aliamini hivyo, na Boke akiamini jambo haulizi ushahidi. Ushahidi ungemchelewesha tu. Alimshuku mchungaji kwa kufumba macho muda mrefu wakati wa maombi. Alimshuku jogoo wa jirani. Lakini shaka aliyomwekea Nashoni ilikuwa ya daraja la kwanza, yenye viti vya sofa.

Asubuhi moja Nashoni alipita na pikipiki yake, akamwona Mseti mgongoni kwa mama yake.

"Eeh, shemeji! Huyu mtoto amenona kama ndama!"

Halafu akakohoa, akatema mate kando ya njia, akaenda zake. Kabla wiki haijaisha, Mseti naye alikuwa anakohoa.

"Umesikia alivyomsifu?" Boke alimwambia Wegesa. "Kondoo husifiwa hivyo siku ya kuchinjwa."

Kwa elimu ya Boke, baridi na macho ya watu huingilia mlango mmoja, nao ni kifua. Akaufunga mlango. Mseti alivishwa fulana, sweta, na sweta jingine la mtu mkubwa, akaviringishwa blanketi, akalazwa jikoni karibu na mafiga, moshi ulipo mzito, kwa kuwa moshi ni joto na joto ni dawa. Kuogeshwa kukapigwa marufuku. Mafuta ya kondoo Boke alimpaka kwa kupapasa chini ya blanketi, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa mwenzake.

"Mama, twende zahanati," Wegesa alisema.

"Kule wanavua watoto nguo mbele ya kila mwenye macho. Unajua nani amekaa kwenye lile benchi?"

"Wagonjwa, mama."

"Ndivyo wanavyosema."

Siku iliyofuata Mseti alikataa ziwa. Hakulia hata. Alihema haraka haraka kama mbwa aliyekimbizwa, na kila pumzi ilitoka na mguno mdogo. Wegesa akamsogezea tena ziwa, mtoto akageuza uso. Hapo yule msichana, ambaye tangu aolewe alikuwa akijibu "ndiyo mama" mpaka imekuwa kama kikohozi chake, akasema kitu kipya.

"Kama ni Nashoni, si lazima ameacha alama?"

Boke akageuka polepole. "Alama gani?"

"Sijui. Kifuani labda. Tumvue tuone."

Mtego ule ulikuwa wa saizi ya Boke kabisa. Akambeba mtoto hadi mlangoni kwenye mwanga, akafungua blanketi, akamvua sweta la kwanza, la pili, akapandisha fulana. Kila Mseti alipovuta hewa, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani, shimo likatokea, likaondoka, likarudi. Boke alikuwa amelala na kifua hicho ubavuni siku zote hizo bila kukiona.

"Anavutwa!" akapiga kelele. "Mtoto anavutwa kutoka ndani! Twende hospitali, daktari aone kwa macho yake, nikamshitaki huyo mchawi!"

Tatizo likawa usafiri. Kilima chote kilikuwa na pikipiki moja, na mwenyewe ni huyo mchawi.

Nashoni alikuja bila hata kuvaa viatu. Boke alipanda nyuma yake, Wegesa na mtoto wakakaa mwisho.

"Tazama barabara," Boke akamwambia sikioni. "Ukigeuka kumwangalia huyu mtoto, hili sikio nalibakiza mdomoni."

"Shemeji, nikishangaa huko nyuma tutaanguka wote."

"Ndiyo mpango wako?"

Kituo cha afya walipokelewa na nesi Zilpa, Mjaluo mnene wa sauti kubwa. Hakuuliza historia. Aliinua fulana, akakitazama kifua, kisha akamnyanyua mtoto akaenda naye mbio kwenye hewa ya mtungi na sindano. Boke akamfuata nyuma nyuma.

"Umeona alama?"

"Nimeona. Nimonia."

"Ya nani?"

"Ya nani vipi, mama?"

"Nani ameituma?"

Zilpa alikuwa akibandika mpira wa hewa puani kwa Mseti. "Ni vijidudu, vimeingia kwenye mapafu. Na huyu ananuka moshi kama samaki wa kukausha. Moshi huo ni wa nani?"

Kwa mara ya kwanza Boke alikuwa na jibu asilotaka kulitoa. Akamtazama Wegesa.

"Na wewe. Ulijuaje kwamba kuna alama?"

"Siku ya chanjo walituambia, mama. Mtoto akikohoa, mpandishe nguo uangalie kifua." Wegesa akaushika mguu wa mtoto. "Ningekwambia hivyo ungekataa."

"Ningekataa," Boke akasema, na akaendelea kumtazama kwa jicho jipya, la mtu aliyegundua kwamba nyumbani kuna mjanja wa pili.

Walikaa wodini. Asubuhi ya pili Mseti alishika ziwa, akanyonya kidogo, akapumzika, akarudi tena kwa hasira. Wegesa akalia bila sauti. Mama wa kitanda cha jirani, mwenye huruma zake, akavuta kanga amfunike mtoto kifua, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Acha!" Boke akaudaka mkono wake. "Usiniwekee pazia."

Akasogeza kiti, akainamisha kichwa, akakitazama kifua kikipanda na kushuka. Hakikuzama. Akangoja pumzi nyingine, kwa sababu hiyo moja hakuiamini.