Pete ya Chuma ya Mzee Kasongo

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hadi watu wa nyumbani wanadhani uzee umenipanda kichwani. Ni siku bunduki ya Mzee Kasongo iliponiaibisha mbele ya mchumba wangu, na harusi iko mlangoni.

Ilikuwa miaka ile ya kuitana sitwayeni, yaani mwananchi, badala ya bwana. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Kikula, nikichonga vyuma katika atelye, karakana ya kampuni ya migodi. Abakosti ya harusi, ile suti isiyovaliwa tai, ilikuwa imeshashonwa, nami nilijiona mtu kweli. Ngoie, binti niliyetaka kumwoa, alitoka upande wa Mulungwishi, na katika ukoo wao kulikuwa na desturi isiyo na mjadala: nyama ya karamu huletwa na kaka wa mama yake bibi harusi, tena ameiwinda mwenyewe. Ya sokoni haihesabiwi. Nyama isipoonekana, harusi inangoja kiangazi kingine. Na mimi, mwanangu, neno kungoja sikutaka hata kulisikia.

Mjomba huyo ndiye Mzee Kasongo. Alikuwa na bunduki ya zamani yenye kibali, lakini risasi zake hazikupatikana tena madukani, akawa anazimimina mwenyewe nyumbani. Risasi ya kumimina hutoka na unene usio sawa, kwa hiyo husukumwa katika tundu la pete ya chuma ili zote zipate unene mmoja. Pete yake ilikuwa imepotea. Akaja kuniomba nimchongee nyingine, akasema nimfuate kwake kwanza nikaione bunduki.

Nikamwambia asijisumbue. Namba ya unene imechorwa kwenye mtutu, anitajie tu, nami sitakosea hata unywele. Akanitazama, akanitajia, akaenda zake. Penye wazee haliharibiki neno, lakini kijana mwenye harusi hana masikio.

Nikaichonga pete kwa namba ile, naye akapitisha risasi zake humo. Jumamosi tukaenda nyuma ya shamba lake kujaribu, tukasimamisha kipande cha katoni mbele ya kichuguu. Ngoie alikuja na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kibuyu, tayari kwa kusherehekea. Mzee akapiga. Risasi ya kwanza hatukujua ilikopita. Ya pili ikatoboa katoni pembeni kabisa, tundu refu, kama vile ilipita imelala ubavu. Ngoie alicheka mpaka akakaa chini. Mimi jasho lilinitoka, maana niliiona harusi yangu ikienda zake porini.

Nikalaumu baruti, kisha nikalaumu upepo. Mzee alikuwa akisafisha mtutu taratibu, na humo vikatoka vipande vya risasi vilivyogandamana. Ndipo aliposema:

"Weye uliuliza namba, bunduki haukuiuliza. Ile namba baliandikaka wakati bunduki iko mupya. Minye pia wakati ile nilikuwa na meno yote."

Akafungua kinywa nitazame mapengo. Ngoie akaanza kucheka upya, na safari hii nami nikacheka.

Basi tukafanya alivyotaka tangu mwanzo. Bunduki ikiwa tupu, tuliupaka mtutu mafuta ndani, tukasukuma kipande laini cha madini ya risasi kwa kijiti kigumu, tukigonga polepole, mpaka kikatokea upande wa pili kimejichora mifereji yote ya mtutu. Siku ya kazi iliyofuata nikakipima kwa mikromita, kile chombo cha kupimia unene wa vyuma. Kumbe kwa kutumika miaka yote ile, mtutu ulikuwa umepanuka kuliko namba yake! Nikachonga tundu la pete likizidi kile kipande kwa unywele tu. Risasi ikiwa nyembamba, moto hupenya pembeni yake, nayo haishiki mifereji inayoizungusha. Ikiwa nene mno, haiingii katika chumba cha bunduki. Kuuliza si ujinga, mwanangu, hata ukiuliza chuma.

Katoni iliyofuata ilipata matundu ya duara, yamekaribiana vizuri. Mkesha wa harusi Mzee akaonekana barabarani anasukuma baiskeli, mbawala amefungwa nyuma, naye anaimba. Tulikula bukari, ugali wetu, na nyama, tukacheza, abakosti yangu ikaingia mafuta kifuani na sikujali. Furaha ile hadi leo sijui kuieleza sawasawa.

Alipokuwa akinikabidhi Ngoie, Mzee alinishika mkono akasema taratibu:

"Huyu pia, usimupime na vile bantu banasema juu yake. Umuulize yeye mwenyewe. Na kesho umuulize tena, juu muntu anabadilikaka."

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Ukimimina risasi, pima mtutu ulio mikononi mwako, wala usitegemee namba. Ukiishi na mtu, mpime kwa alivyo leo, si kwa ulivyosimuliwa wala kwa alivyokuwa jana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuuliza ndiko kuinama kwenyewe. Mimi na Ngoie tumezeeka pamoja, na bado kila asubuhi namuuliza ameamkaje. Sijawahi kulijua jibu lake kabla hajalitoa.

Mungu akupe wa kumuuliza, akupe na sikio la kungoja jibu. Nyumba yako isikose kicheko, wala wageni wa kukimaliza chakula chako.