Kiti Kinachotazama Mto

Kinyozi wa kijiji chetu hana kioo, na ukimwuliza kwa nini atakucheka. Kiti chake kakielekeza mlangoni, na hapo chini mto unapita mpana, mvivu, hauna haraka na mtu. Mteja autazame mto, kichwa amwachie mwenye mkasi. Ndiyo desturi yetu. Ukitoka na kisogo cha ngazi, shauri yako.

Jua likipoa, kiti huwa cha mkewe. Bibi wa watu kumbukumbu zimemwisha. Jina la mumewe lilishamtoka, na sura pia. Kinyozi humchana nywele taratibu huku akimsimulia kijiji: jinsi wasafiri wa kale walivyokuta mto umefurika, wakakaa kando kungoja maji yapungue. Wakapanda mboga mbili tatu, wakaoana, wakazaa, na maji yalipopungua hakuna aliyekumbuka alikokuwa akienda. Bibi hufumba macho akitabasamu. Ukisimama pale mlangoni, ukungu ukianza kupanda, utaapa kwamba wasafiri wale bado wako ukingoni wanazungumza.

Jioni moja binti yao akaja kutoka mjini na begi tupu, la nguo za mama yake. Kinyozi alipoliona, moyo ulimlipuka paa.

“Baba, umechoka. Mama hakujui tena. Kwangu kuna nafasi, na daktari yuko jirani.”

“Mwulize mwenyewe,” akasema kinyozi bila kuacha kuchana. Maisha yote hayo na mtu mmoja, leo hii aachiwe kiti kitupu?

Binti akapiga magoti mbele ya mama yake. “Mama, twende kwangu ukapumzike.”

“Nitaendaje, mwanangu? Mume wangu hajarudi. Akirudi asinikute, si ataumia roho?”

Binti akamtazama baba yake, machozi yakimlenga, kisha akalisukuma begi chini ya benchi.

Kinyozi akapitisha kitana tena. “Huyo mume wako,” akauliza, “ni mtu wa namna gani?”

Bibi akawaza kidogo, macho yakiufuata mto.

“Ana maneno mengi, nisikufiche,” akasema. “Lakini akinichana nywele, siumii.”