Ng'ombe Aliyetolewa kwa Ajili ya Elia

Nyumba yetu ya Uru, mlimani, ilinuka ng'ombe hata siku tulipomzika mdogo wangu Elia, ingawa zizi la ndani lilikuwa tupu kwa wiki ya tatu. Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, mvua ikidondoka juu ya majani. Udongo haujatulia, Mzee Elifuraha, mzee wa kanisa, akamgeukia mama yangu na kusema mbele ya watu wote: "Pole, Mama Ndeshi. Lakini ulitoa kwa moyo mzito, na Mungu huona." Mama alishika shina la mgomba kama mtu anayetafuta pa kukaa. Nilikuwa na miaka tisa.

Mimi shule niliishia la saba, sijui kupamba maneno, nitasema ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Baba alikuwa kwenye mashamba ya miwa kule chini, anapanda nyumbani mara moja kwa mwezi. Elia akashikwa na kifua, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Zahanati haikuwa na dawa. Mama alikuwa ameshakunja kanga ya kumbebea kwenda hospitali ya mjini ndipo Mzee Elifuraha alipoingia. Tukamwamkia shikamoo, akaketi. "Toa ng'ombe awe sadaka, mama, na mtoto atapona," alisema. "Ukishamtoa, usimpeleke mtoto kokote. Ukimpeleka, utakuwa umemwambia Mungu humwamini." Mama akaikunjua ile kanga.

Kwetu sadaka ya mazao na mifugo hunadiwa nje ya kanisa ibada ikiisha: mkungu wa ndizi, mayai, kuku. Jumapili ile alinadiwa ng'ombe wetu, tena bado anakamuliwa. Mzee Elifuraha akataja bei ya kumnunua, ndogo ya aibu, na nani angepandisha juu ya mzee wa kanisa? Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Leo Mungu kapata mteja mmoja tu." Mwenzake akacheka ndani ya kanga. Jioni maziwa yetu yalikamuliwa kwa Mzee Elifuraha, na Elia akanywa uji wa maji. Tulingoja apone, tukangoja, mpaka akaacha kupumua.

Jumapili baada ya mazishi mama alivaa, akaenda kanisani mikono mitupu. Mimi nilikuwa na hasira hata vifungo vya nguo vikanishinda kufunga.

"Unaenda kumwomba Mungu nini tena?" nilimuuliza njiani.

"Simwombi kitu. Naenda kumsalimia."

"Hakukuponyea Elia."

"Nilimtolea ng'ombe ili anilipe mtoto. Hapo nilikosa mimi. Lakini nilimpenda kabla sijawa na ng'ombe wala wewe, Ndeshi. Nimwache leo, nimwendee nani?"

Sikumwelewa. Kwa miaka mingi nilikataa kusali, na sijui kama nimepata hata nusu ya moyo wake. Siku hizi naishi Shirimatunda, mjini, na kila Jumapili vipaza sauti vinaahidi magari na nyumba kwa watakaotoa kwanza. Zamani alikuwa mtu mmoja na ng'ombe mmoja. Sasa wa aina yake wamejaa, na watu wanashangilia. Mimi nikikaa kusali, naanza kwa kunyamaza, maana sina ninachodai. Kwa Mungu, yaani. Kwa binadamu ninadai.

Mzee Elifuraha yuko hai. Bado anashikwa mkono na kuketishwa benchi la mbele. Mama naye yuko hai, anasikia kwa shida, na hajawahi kutamka jina la mzee huyo vibaya. Kwetu Wachagga mwenye kosa huja kuomba msamaha na jani la isale, na akija nalo hafukuzwi. Mlango wetu anaujua. Aje mwenyewe, asitume wanawe, aje mchana watu wakiwepo, amwambie mama kwa sauti ya kumfikia: nilikuzuia kwenda hospitali, mtoto alikufa kwa neno langu. Amwambie kabla masikio yale hayajaziba kabisa.