Ziache Ziive

Mimi ndiye niliyemwambia dada asichume.

Nilikuwa nimerudi Lushoto baada ya kuzunguka huku na huko, sina kazi, na kila siku nilikwenda kwenye geti la kiwanda kipya cha nyanya za kopo kuuliza maswali. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Maganda yanakwenda wapi? Mbegu je? Fundi wa mitambo alinichoka, akanijibu yote. Jambo moja alilisisitiza: nyanya iwe nyekundu hadi kwenye kikonyo. Yenye kijani hawapokei.

Kwetu nyanya huchumwa ikianza tu kugeuka rangi, ili ivumilie kona za kushuka Mombo na safari ya Dar es Salaam. Iliyoiva haifiki. Kila mtu anajua hilo, hata mimi. Nilikimbia hadi shambani.

"Dada, ziache ziive. Alhamisi wanafungua."

Dada ni mjane, na bonde lile lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe. Walikwishamwambia wazi: akikosa mbegu ya kupanda msimu mmoja tu, wanalichukua. Pesa ya kununua mbegu ya msimu uliofuata ilikuwa itoke kwenye nyanya zile.

Jumatatu dalali aliyekuwa akinunua nyanya zetu za kupeleka Dar alikuja na lori lake la Fuso. Alizitazama nyanya, kisha akanitazama mimi. "Mama, huyu mdogo wako kawa meneja lini?"

Wapakiaji wake wakacheka. Dada naye alicheka kidogo, akamwambia aende tu.

Alhamisi tulibeba matenga ya nyanya tangu alfajiri, nyekundu tupu. Kiwandani kulikuwa na maturubai, viti vilivyopambwa, na utepe mlangoni. Watoto wa shule waliimba hadi sauti zikawakauka. Saa tisa mtu wa ofisini akashika kipaza sauti: mgeni rasmi amepata dharura, ufunguzi umesogezwa hadi wiki ijayo.

Nilimkimbilia fundi. "Shikamoo, fundi. Washa hata saa moja tu."

"Marahaba. Mitambo haiwashwi kabla utepe haujakatwa."

"Nyanya hazijui utepe!"

"Unadhani mimi sizioni?" alisema, akageukia ukutani.

Nikampigia dalali. "Zina rangi gani?" aliuliza. Nikasema nyekundu. "Haya, meneja, pika sosi." Akakata.

Tulipokuwa tunarudi, maji ya nyanya yalipenya kwenye tenga yakanishuka mgongoni hadi ndani ya suruali. Dada alitangulia na tenga lake kichwani. Ningependa anitukane. Siku ya tatu tulizimwaga kwa ng'ombe wa jirani. Walikula wakashiba, zilizobaki wakazikanyaga.

Kiwanda kilifunguliwa wiki iliyofuata kama walivyosema. Tulisikia king'ora chake tukiwa bondeni. Shemeji yake dada alikuwa anang'oa mashina ya nyanya na kuyarundika kando ya mfereji. Ukoo ulikuwa umeshakaa na kuamua kulichukua bonde lao. Aliinua kichwa, akasikiliza.

"Wameanza," alisema.

"Ndiyo, shemeji," dada alimwitikia kwa adabu.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akasema nami. Aliniomba nimsaidie kukusanya miti ya kuegemezea nyanya. Hiyo, alisema, aliikata mwenyewe, na hakuna atakayemdai.