Wimbo Niliomwimbia Balozi

Juzi vijana wa Mtendeni waliigiza mchezo wa nyimbo kuhusu wanafunzi waliofungiwa gazeti lao. Nilikaa na dada yangu Zuwena. Walipoinua magazeti jukwaani, pua yangu ikanirudishia harufu ya wino.

Nilipokuwa mdogo, Zuwena na wenzake walikuwa na gazeti la kubandika ukutani shuleni. Makala yao kuhusu sukari iliyotoweka duka la ushirika iliponyofolewa, waliigeuza wimbo, wakawa wanaufanyia mazoezi uani kwetu, vidole vimejaa wino, wakigonga ndoo. Mimi nilikuwa pembeni nikichambua mchele, hata nikaujua wote.

Alasiri moja alikuja balozi wetu wa nyumba kumi. Mama alikuwa sokoni. Kwetu, mgeni wa chama aliimbiwa na watoto, naye akatoa peremende.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Leo una wimbo gani?"

Nikamwimbia huo, pamoja na ubeti uliosema sukari imelala chini ya kitanda cha mwenyekiti wa ushirika. Alisikiliza akitabasamu.

"Nani kakufundisha?"

"Dada Zuwena," nikasema kwa majivuno.

Akanipa peremende mbili. Nikaamini wimbo wetu ulikuwa mzuri maradufu.

Wiki ile ile Zuwena alifukuzwa shule. Nyumba nzima ikaulizana nani kasema. Mimi nikaendelea kuchambua mchele.

Mchezo ulipokwisha, Zuwena alinishika mkono. "Wetu ulikuwa mtamu kuliko wao. Unaukumbuka?"

"Nimeusahau, dada," nikamjibu.

Naujua wote.