Taa za Mashine ya Batuli

Kasian ametengeneza redio pale Mafinga miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuwahi kumpigia mteja simu kumwambia aje achukue mali yake. Aliona aibu. Redio zilizosahauliwa zilikaa rafu ya juu, kila moja na karatasi yenye jina, zikila vumbi.

Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye mgahawa wa Mzee Idrisa. Pale ndani kulikuwa na mashine ya gololi, iliyonunuliwa kutoka klabu ya wageni wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo, wenyewe walipofungasha na kuondoka. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda chini ya kioo, inagonga vigingi, kengele zinalia, taa zinawaka, nawe unabonyeza vibawa viwili kuizuia isidondoke. Mtu aliweza kusimama pale saa nzima bila kulazimika kuongea.

Bingwa alikuwa Batuli, mke wa Idrisa. Aliacha vitumbua jikoni, akaja na unga mikononi, akawafunga kwa pointi madereva wote wa malori ya mbao. Kisha alikuwa akimgeukia Kasian: "Na wewe bubu wangu, njoo ufungwe."

Batuli alifariki. Glopu za mashine zikaungua moja moja, na madukani hazikupatikana tena. Mwaka huu Idrisa akachoka kuitazama ikiwa giza, akamwambia Didas wa chuma chakavu aje Jumamosi.

Kasian akajikuta akisema, "Mzee, nipe mpaka hiyo Jumamosi. Nitafunga taa za LED."

Alizifunga Alhamisi. Nusu hazikuwaka. Akazigeuza, zikawaka, maana LED si kama glopu, inachagua umeme uingilie upande gani. Lakini taa kumi na moja za katikati zilipepesa bila kutulia.

Idrisa akasimama na kikombe chake. "Kasian, hii si mashine ya Batuli. Hili ni disko la harusi."

Ijumaa alisugua vishikilia taa kwa msasa. Wapi. Akakumbuka ana glopu moja ya zamani iliyo nzima, akaichomeka mahali pa LED. Ikatulia, ya njano, kama enzi zile. Akairudisha LED, ikapepesa. Akaelewa: glopu ilikunywa umeme wa kutosha, LED inaonja tu, na swichi ya ndani ikiona umeme kidogo hivyo inajikatia. Kila taa ilihitaji rezista ubavuni, kijiti chenye mistari ya rangi, kiisaidie kunywa.

Rezista za kipimo hicho hakuwa nazo. Zilikuwa ndani ya redio kaseti kubwa rafuni, yenye jina la mwalimu Veneranda, aliyestaafu akahamia Chimala. Mali ya mtu haikatwi bila ruhusa. Kasian aliishika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Kasian, fundi redio wa Mafinga."

"Marahaba. Kasian yule asiyeongea?"

"Ndiyo. Redio yako ipo."

"Miaka tisa, baba! Nilidhani ulishaiuza."

"Naomba niikate, mwalimu. Nipate vifaa vya ile mashine ya Batuli. Kesho inauzwa chuma chakavu."

"Batuli alinifunga mbele ya wanafunzi wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Kata. Kata yote."

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka Didas alipofika na mkokoteni. "Kamwene, fundi! Bado unampaka marehemu wanja?"

Kasian alikuwa analehemu rezista ya mwisho. Akafunga kioo, akawasha.

Taa zote zilitulia. Zilikuwa nyeupe kuliko zamani, ila pale juu kabisa, penye namba za bingwa, aliichomeka ile glopu moja ya njano.

Idrisa aliitazama glopu hiyo muda mrefu. Akajifuta mikono kwenye koti, akavuta springi. Gololi ikapanda, ikagonga kengele mbili, ikadondoka katikati ya vibawa.

"Angenicheka huyu," akasema.

"Angekufunga, Mzee," Kasian akasema.

Idrisa akageuka. "Didas, toa mkokoteni wako mlangoni, unanizuilia wateja. Halafu uje unywe chai. Na wewe bubu wake, njoo ufungwe."